Choo cha Kiwanja Namba Moja

Nianze na choo, kwa sababu mtaani kila anayenijua ananijua kwa choo. Mpaka leo nikipita Buruburu na mkoba wa raketi begani, hakosi mtu wa rika langu wa kuniita kutoka ng'ambo ya barabara: "Niaje, mwenye choo!" Namjibu, "Poa," kisha naendelea na safari yangu. Zamani ningesimama tugombane. Nilikuwa na mdomo, tena mrefu. Siku hizi nimechoka, na pia mtu anayefundisha watoto wa watu hawezi kusimama barabarani akigombana juu ya choo.

Ni hivi. Baba yangu alikuwa mtunza viwanja katika klabu moja ya zamani ya wafanyakazi pembeni mwa mtaa. Ilikuwa na viwanja vitatu vya tenisi vya udongo mwekundu, ukumbi wa mabati yanayovuja, na nyumba ya vyumba viwili nyuma ya ukumbi. Nyumba hiyo ndiyo yetu, ila haikuwa yetu. Ilikuja na kazi. Kazi ikiisha, na nyumba imeisha. Nililijua hilo kabla sijajua kusoma. Klabu yote ilizungushiwa waya, na kila kiwanja kilikuwa na waya wake ndani ya ule waya mkubwa, kwa hiyo nilikulia ndani ya waya mbili. Watoto wenzangu walikuwa wakinichungulia kutoka nje wakidhani nimebahatika.

Baba alitoka magharibi kuja kutafuta kazi ya kiwanda, akaishia kuvuta roli ya chuma ya kusawazisha udongo. Hakuna mtu aliyewahi kumfundisha tenisi. Aliitazama tu, miaka na miaka, ameshika ufagio mkononi. Na kwa kuwa hakuwa na raketi, alijifunza ile sehemu ya mchezo isiyohitaji raketi.

Sehemu hiyo ni maudhi.

Nielewe vizuri, sisemi wizi. Wizi ni kusema mpira umetoka na macho yako yameuona ukigusa mstari. Mambo hayo baba hakuyataka kabisa. Nikiwa na miaka kumi niliwahi kumdhulumu mwenzangu mpira mmoja, na baba akaingia kiwanjani na ufagio wake, akafagia ule mstari mpaka ukang'aa, halafu akaniuliza mbele ya watu kama sasa nauona. Nililia siku nzima. Lakini maudhi, alisema, ni haki ya mtu maskini. Fungua kamba za kiatu uzifunge upya. Mwenzako akitaka kuanzisha mpira, inua mkono kana kwamba jasho limekuingia machoni. Mwite refa ashuke aje aangalie alama kwenye udongo, hata kama unajua fika mpira ulikuwa ndani. Msifu mwenzako kwa mpigo wake wa kulia, "Aisee, leo mkono wako uko vizuri," mpaka aanze kuufikiria ule mkono, na akishaanza kuufikiria umemmaliza. Baba alijua hata saa ambayo gari la maji huingia mtaani likipiga honi. Alinifundisha kuchelewa kidogo kujipanga, ili honi imkute mwenzangu mpira uko hewani.

"Wao wana makocha," alikuwa akisema. "Wewe una mimi, Mama."

Aliniita Mama kwa sababu nilipewa jina la mama yake. Mama yangu mzazi, aliyekuwa akifanya kazi kiwandani huko Industrial Area, hakupenda tenisi wala maudhi. Alikuwa akisema nyumba hii ina watu wawili wanaocheza na mmoja anayefua.

Basi nikakua nacheza vizuri, sitaki kujidharau. Nilikuwa na miguu, nilikuwa na mpigo wa kushoto ambao watu walikuwa wakiuogopa, na nilikuwa na subira ya punda. Lakini sifa iliyotangulia mbele yangu ni nyingine. Katika mashindano fulani ya vijana nilidai kitu kimeingia jichoni mara tatu katika mechi moja. Mara ya tatu, msaidizi wa refa, mama mmoja wa Kayole mwenye sauti nzito, alikuja na kitambaa na maji, akanifungua jicho kwa vidole viwili, akatazama, akasema kwa sauti ya kusikika hadi kwenye viti: "Ndani ya jicho hili naona ujanja peke yake." Uwanja mzima ukacheka. Na mimi nilicheka. Nilikuwa na miaka kumi na sita, na nilidhani kuchekwa hivyo ni aina ya sifa.

Nilipofika miaka ishirini na tatu nilikuwa mchezaji wa kulipwa, maneno makubwa hayo. Ukweli ni kwamba nilikuwa nikicheza yale mashindano ya ngazi ya chini kabisa, ambako wasichana kutoka kila pembe ya dunia hukimbizana kutafuta pointi. Kanuni ilikuwa hivi: ili jina lako liingie kwenye orodha ya dunia, lazima uwe umepata pointi katika mashindano matatu ndani ya mwaka mmoja. Mimi nilikuwa nimepata katika mawili. Bado moja. Na ile pointi ya kwanza ilikuwa inatimiza mwaka na kufutika Jumatatu iliyokuwa inakuja. Kulikuwa na klabu huko nje iliyoniandikia kwamba itanichukua kwenye timu yake iwapo tu nina namba, namba yoyote, hata ya elfu na kitu. Bila namba, usiwasumbue. Barua ile niliisoma mpaka ikachakaa kwenye mikunjo. Ndiyo iliyokuwa njia yangu ya kutoka ndani ya waya, na sikuwa na nyingine.

Halafu bahati ikaja nyumbani kwa miguu yake. Mvua ilijaza maji viwanja vya klabu kubwa ya upande wa pili wa mji, na mashindano ya wiki hiyo yakahamishiwa kwetu. Kwetu! Baba hakula vizuri siku tatu. Alipiga rangi mistari, akaziba matundu ya wavu, akapachika kitasa kipya kwenye mlango wa choo cha kiwanja namba moja, choo cha wachezaji wa kike. Alikuwa akikifungua na kukifunga kila mara akipita, tuk, tuk, kama mtoto aliyenunuliwa baiskeli.

Nikapangwa raundi ya kwanza, ambayo kuishinda tu kungenipa ile pointi, na mgeni mmoja mrefu, mkimya, macho ya kijivu. Mimi na baba tulikuwa tumemwona wiki iliyotangulia katika mashindano mengine hapa Nairobi. Alikuwa na mtindo wake mmoja: akipoteza seti, anaenda choo. Anakaa. Mwenzake anabaki kiwanjani jua likimpiga, misuli inapoa, moyo unapoa, na yule akirudi na shati safi anakuta amebaki na mtu nusu. Wiki ile alimfanyia hivyo rafiki yangu mmoja, na rafiki yangu hakupata hata gemu moja baadaye. Baba alitazama yote ameegemea waya, midomo ameikaza. Nilidhani anavutiwa. Fundi akimwona fundi mwenzake lazima avutiwe.

Asubuhi ya mechi tulikunywa chai, mimi na yeye, mama alikuwa ameshaenda kazini. Baba akaniambia, bila kuinua macho kutoka kwenye kikombe, "Leo usiende kile choo cha namba moja."

"Kwa nini?"

"Maji hayako sawa. Ukibanwa, vumilia. Umenisikia, Mama?"

"Nimesikia, Baba."

Maji kutokuwa sawa huku kwetu Eastlands si habari. Nikaendelea na chai yangu.

Seti ya kwanza alinila. Sitaki kuificha: alinipiga nje ndani, na maudhi yangu yote yakampita kama mvua juu ya mabati. Nikifunga kamba, anafunga zake. Nikimwita refa aje aangalie alama, na yeye anakuja, anainama, anaitazama alama ile kwa heshima utadhani ni kaburi, anarudi nyuma polepole kuliko mimi. Nilikasirika. Mtu akikuudhi kwa mbinu zako mwenyewe, hasira yake haina dawa.

Seti ya pili nikaacha michezo, nikacheza. Nilikimbia kila mpira. Watu wa mtaa walikuwa wamejaa nje ya waya, wengine wamepanda juu ya ukuta, na kila nikipata pointi wanapiga mabati. Baba naye akajisahau kidogo. Nilipokuwa naongoza gemu tano kwa nne akapaza sauti, "Mpeleke kushoto, Mama, kushoto!" Siku hizi kanuni zimelegezwa, wakati ule kocha kusema na mchezaji kulikuwa marufuku. Refa akanipa onyo, akamgeukia baba na kumwambia wazi: neno moja zaidi kutoka kwake, hata kikohozi, napoteza pointi. Baba akaziba mdomo kwa mkono. Nikashinda seti ile saba kwa tano.

Sasa kila mmoja wetu alikuwa na seti moja. Nilikaa kwenye kiti changu nimefunika kichwa kwa taulo, nikimsubiri aende choo. Kila mtu alikuwa anamsubiri aende choo. Nikachungulia. Wapi! Alikuwa ameketi tu, anakula ndizi taratibu, anavuta pumzi kwa pua kama mtu aliye nyumbani kwao. Na mimi paja la kulia lilikuwa limeanza kucheza. Lilikuwa linaruka lenyewe chini ya ngozi. Nikajua nikianza seti ya tatu saa hiyo, mguu utanitupa.

Sasa ndipo shetani aliponiambia: kama yeye haendi, nenda wewe.

Nikainua mkono. "Choo." Refa akanikubalia, akanipa dakika tano, na msaidizi akainuka kunisindikiza. Nani? Yule yule mama wa Kayole. Dunia hii ni ndogo na haina huruma. Tulipokuwa tunatoka nikamwona baba upande wa pili wa kiwanja amesimama ghafla, bomba la maji limemponyoka mkononi. Akaanza kupunga mikono, yote miwili, juu ya kichwa, mdomo wazi bila sauti. Nikadhani ananishangilia. Nikadhani anasema, hivyo hivyo, Mama, umemweza. Nami nikampungia.

Mlango wa choo ulikuwa umewekewa tofali usijifunge. Yale maneno ya asubuhi niliyakumbuka, sitadanganya, lakini niliyakumbuka kama habari ya maji, na sikuwa nimeenda kutumia maji. Nilikuwa nimeenda kukaa. Msaidizi akaniambia, "Uache wazi kidogo, dada, nisikie."

"Unataka kunisikia nikifanya nini?" nikamjibu. "Hata haya huna?" Nikalisukuma tofali kwa mguu, nikaufunga mlango mwenyewe. Ukaingia vizuri, tuk.

Nilikaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, nikanyoosha mguu, nikaukanda. Dirisha lilikuwa juu, dogo, lina wavu wa mbu uliojaa vumbi. Nilikuwa nasikia watu wakipiga mabati na kuimba jina langu. Nilijiona mjanja, Mungu anisamehe. Nilipoona mguu umetulia, nikainuka, nikashika kishikio, nikakibonyeza.

Kikazunguka. Kikazunguka kizima, kirahisi, kama usukani wa gari bovu, na mlango haukusogea.

Nikajaribu tena. Nikajaribu kwa mikono miwili. Nikagonga. "Mama," nikamwita msaidizi, "mlango umekwama."

Ile sauti nzito ikanijibu: "Umebakisha dakika moja."

"Mlango umekwama, nakwambia!"

"Na jicho je? Jicho nalo halijakwama?" Nikamsikia anacheka. "Wee msichana, nimekujua kitambo. Toka. Leo hunipati."

Nikaanza kupiga mlango kwa kiganja, halafu kwa ngumi. Nikamwapia kwa Mungu, kwa mama yangu, kwa kila kitu. Kadiri nilivyoapa ndivyo nilivyosikika mwongo, hata mimi masikioni mwangu nilisikika mwongo, kwa sababu sauti ile ile ndiyo niliyokuwa nikiitumia miaka yote kudai vitu visivyokuwapo. Hewa humo ndani ilikuwa ya dawa ya kuua vijidudu na rangi mbichi ya baba. Nikasikia refa kwenye kipaza sauti akinipa onyo kwa kuchelewa, na baadaye kidogo akinitoa pointi. Nilikuwa nacheza seti ya maisha yangu nikiwa chooni, na nilikuwa napigwa.

Ndipo nikapiga yowe. Sikupiga la ujanja. Nilipiga lile la mtoto aliyepotea sokoni. "Baba! Baba weee!"

Msaidizi akajaribu kishikio cha nje, kikamzungukia mkononi. "Ala," akasema, sauti imebadilika. "Kumbe kweli." Nikamsikia anamwita msimamizi mkuu wa mashindano, nikasikia viatu vingi vinakuja, mtu anasema uvunjwe, mwingine anasema mtafuteni mtunza viwanja. Halafu nikasikia mbio za viatu vya mpira nilivyovijua tangu nizaliwe. Kulikuwa na mkwaruzo wa chuma ndani ya chuma, tuk, na mlango ukafunguka.

Alikuwa amesimama mbele yangu anahema. Ndani ya tundu la kitasa kulikuwa na kile chuma cha pembe nne, urefu wa kidole, kinachounganisha kishikio cha nje na cha ndani. Bila chuma hicho, vishikio vyote viwili ni mapambo tu. Mlango ukishajifunga, umejifunga. Na hakuwa na sanduku la vifaa, wala bisibisi, wala chochote. Alikuwa amekitoa mfukoni.

Nilielewa yote pale pale, kwa mara moja. Maji hayako sawa. Vumilia, Mama. Mtego ule baba alikuwa amemtegea yule mgeni.

Unajua kinachoniuma? Baba angeweza kujiokoa. Angeweza kuja taratibu, akatikisa kichwa, akaenda nyumbani kuleta vifaa, akarudi na chuma kile ndani ya sanduku kama chuma kingine chochote, na hakuna mtu ambaye angejua. Mtu aliyenifundisha hila zote za dunia. Lakini alinisikia nikilia, na hila zote zikamtoka kichwani, akakimbia na ushahidi mkononi mbele ya kila mtu.

Msimamizi mkuu alikuwa mtu wa makamo, mpole, mwenye kofia. Akakitazama chuma, akamtazama baba. "Hiki kilikuwa wapi?"

Baba akafungua mdomo, akaufunga. Kidole chake gumba kilikuwa na rangi nyeupe ya mistari.

Yule mgeni naye alikuwa amefika, taulo shingoni. Akasema aliutumia mlango ule asubuhi, ulikuwa mzima. Basi kuna mtu aliyekitoa chuma, akasema msimamizi. Ni nani? Nyuma yake alikuwa amesimama katibu wa klabu, mwajiri wa baba, mikono kifuani. Nyuma ya katibu, juu ya waya, niliona paa la nyumba yetu, na nguo za mama kwenye kamba.

Nikahesabu haraka kuliko nilivyowahi kuhesabu mipira. Nikinyamaza, baba amekwisha. Kazi imekwenda, nyumba imekwenda, na jina lake mtaani ni la mzee aliyemtegea mtoto wa watu chooni. Nikisema, ni mimi nitakayekwisha, na sifa ya ujanja ninayo tayari, nimeijenga mwenyewe tangu nikiwa na miaka kumi na sita.

"Ni mimi," nikasema. "Nilikitoa mimi, nikampa anishikie bila kumwambia ni cha nini. Nilitaka muda. Mguu ulikuwa unauma."

Nilingoja mtu ashtuke. Nilingoja mmoja tu, hata yule mama wa Kayole aliyenisikia nikilia, aseme hapana, huyu hawezi. Hakuna. Msaidizi alitikisa kichwa polepole kama mtu aliyepata jibu alilokuwa akilijua. Msimamizi akashusha pumzi. Mgeni akaniangalia kwa macho yale ya kijivu, na sikuona hata hasira ndani yake. Waliniamini wote kwa mara moja. Katika maisha yangu yote kiwanjani, ndio uongo pekee nilioaminiwa bila kuulizwa swali, na bado moyo unaniuma nikiandika.

Nilimgeukia baba. Nilijua sasa atasema. Alinitazama, akatazama nyumba, halafu akainama akaliokota lile tofali na kulirudisha mlangoni, akalisawazisha kwa mguu.

Nikaondolewa mashindanoni siku hiyo hiyo, na baadaye ikaja barua ya kunifungia miezi kadhaa. Jumatatu pointi yangu ya kwanza ikafutika, na ya pili ikaifuata. Klabu ya nje sikuiandikia, ningeandika nini? Mama alikuja jioni, akahadithiwa na majirani kabla hajafika mlangoni. Jumamosi alipokuwa anafua, nilimwona ameshika suruali ya kazi ya baba, amegeuza mfuko wa kulia nje. Kulikuwa na doa refu la grisi, jembamba, urefu wa kidole. Alilisugua kwa muda mrefu, halafu akaianika suruali mfuko ukiwa vile vile nje, mbele ya mlango, mahali ambapo baba hangeweza kupita bila kuuona. Ilikaa pale mpaka Jumatatu.

Nilijaribu tena mwaka mmoja baada ya kufunguliwa. Kila kiwanja nilichoingia, refa alikuwa akinitazama miguu kama nimeficha kitu kwenye soksi. Nikifunga kamba za kiatu kwa sababu zimefunguka kweli, napewa onyo. Nikaacha. Ndio nikaanza kufundisha watoto, hapo hapo klabuni, kwenye kiwanja namba tatu, ndani ya zile waya mbili.

Baba alifanya kazi mpaka akastaafu kwa heshima. Walimpa saa ya ukutani na keki. Sasa tunaishi katika mtaa uitwao Tena, mimi na yeye, mama tulishamzika. Nyumba ni ndogo na ina vishikio vya mlango vibovu ambavyo hakuna anayevitengeneza. Hatukuwahi kuizungumza siku ile. Mwanzoni niliona ni aibu inayomzuia, nikasema nitampa muda. Miaka ikapita. Halafu akaanza kuisimulia. Wageni wakija, wazee wenzake, wazazi wa wanafunzi wangu, anawaambia: "Huyu mnamwona ametulia, huyu? Alikuwa mjanja, huyu! Alijifungia choo mechi ya kimataifa!" Anacheka mpaka machozi yanamtoka, na wageni wanacheka, na mimi namimina chai. Mara za kwanza nilikuwa nikimkazia macho, nikimtafuta mle ndani, nione kama ananikonyeza. Alikuwa akitazama pembeni. Baadaye akawa hatazami tena pembeni.

Siku hizi akili inamtoka kidogo kidogo. Ananiuliza roli iko wapi. Anauliza kama mistari imekauka. Wiki iliyopita nilirudi kutoka kazini alasiri, nikamkuta ameketi kitandani, amevaa viatu vyake vya mpira, anafungua na kufunga droo ya kabati, tuk, tuk. Nikamvua viatu. Akaweka mkono juu ya kichwa changu na kunitazama vizuri, macho yametulia kuliko nilivyoyaona mwaka mzima, na moyo wangu ukaruka. Nikajua ndiyo leo.

"Mama," akasema, "nimekuwa nikitaka kukuuliza siku nyingi. Ulikuwa unashinda ile mechi. Kwa nini ulikitoa kile chuma?"

Nilitafuta usoni mwake. Niliutafuta ujanja, hata kidogo, hata kwenye kona ya jicho. Haukuwapo. Alikuwa baba mzee anayeuliza jambo lililomsumbua miaka mingi, na alikuwa na huzuni juu yangu.

Viatu vyake vilikuwa bado mikononi mwangu.

"Nilikuwa na akili za kitoto, Baba," nikasema. "Nisamehe."

Akanipapasa kichwa. "Nilishakusamehe zamani," akasema, akageukia ukuta akalala.